Pete Nilizozifunga Mimi

Kwa miaka mingi, mtu akisimama mlangoni kwetu na kuita "Fundi!", aliyeitika "Naam" alikuwa kaka yangu. Aliyekuwa na uzi mkononi nilikuwa mimi, nyuma ya pazia.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, kwenye chochoro ambalo wageni hulipiga picha na wenyewe hulipita wakiwa wameziba pua. Chumba cha mbele ni karakana ya kaka. Anatengeneza fito za kuvulia, zile wanazotumia wageni wa mahoteli wanapotolewa na boti kwenda kutafuta jodari na nguru. Ufito huja mtupu, mweusi, laini. Fundi anaupachikia pete za kupitishia mshipi, kutoka kitakoni hadi nchani. Kila pete ina miguu bapa, na miguu hiyo hufungwa kwa uzi, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, pasipo mwanya wala fundo. Ncha ya uzi huvutwa ikafichwa chini ya mizunguko yenyewe. Halafu hupakwa gundi inayokauka ikawa kama kioo. Pete moja ikilegea, samaki ameondoka na nahodha ametukanwa.

Kaka aliijua kazi hiyo, simnyimi haki yake. Ila alianguka na vespa, na vidole vya mkono wake wa kulia havikukaza tena. Wakati huo mimi nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi nyumbani, nashona kofia za viua kama alivyonifundisha mama. Mtu aliyekaa utoto wake wote akizungushia uzi vitundu vidogo kuliko punje ya mtama hashindwi na mguu wa pete. Kaka akaniletea ufito mmoja chumbani, akasema, "Hebu jaribu, lakini usimwambie mtu."

Nikajaribu. Nikachukua uzi mweupe wa kofia, nikafunga vizuri mpaka mwenyewe nikajisifu. Nilipopaka gundi, weupe wote ukatoweka! Uzi ukawa kama maji, chuma cha pete kikaonekana kitupu, aibu tupu. Kaka alicheka akatoka nje kwenda kuchekea barazani. Nikajifunza kutumia uzi wa rangi iliyokoza, buluu au rangi ya damu ya mzee. Lakini ule mweupe sikuutupa. Kila nilipomaliza kufunga mguu wa pete, niliumalizia kwa mizunguko michache ya uzi mweupe, nikijua gundi itaumeza. Ukiunyanyua ufito juani unaona utepe mwembamba wa kioo. Usipojua, huoni kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yangu, na nikiifikiria leo naona hasira. Nani anaweka saini ili isionekane?

Basi nahodha mmoja wa Uroa, mtu mzima, mteja wetu wa siku nyingi, alileta ufito mpya. Wageni wake wa Kiwengwa walikuwa wanatoka alfajiri ya siku ya tatu yake. Alikuwa na fito nyingine botini, zote za kwetu, lakini huu aliutaka kwa mgeni mkubwa. Niliufunga jioni ile ile, sikuupaka gundi, kwa sababu nahodha mwenyewe hutaka kwanza kuchungulia kama pete zimenyooka. Asubuhi akaja. Kaka akampa. Nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia akiuzungusha, akiuzungusha tena.

"Fundi, mikono yako hii, Mungu akuzidishie."

"Amin," akasema kaka.

Ile amin ndiyo iliyoniunguza. Sifa ningeivumilia, nilishazoea. Lakini mtu anaombewa dua ya mikono yangu, na yeye anaipokea hivihivi, mchana kweupe! Nikajitanda kanga, nikalivuta pazia.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, bibi."

"Pete za ufito huo nimezifunga mimi."

Nahodha akacheka kidogo, akamtazama kaka. Kaka akasema, "Hunisaidia saidia, unajua tena mkono wangu."

"Kusaidia si vibaya," akasema nahodha. Kisha uso ukabadilika. "Lakini kufunga kabisa? Bibi, mimi nna mabaharia. Wakisikia tunakwenda na ufito uliofungwa na mwanamke, siku tukirudi mikono mitupu watasema nini? Fundi, nifungie mwenyewe, nikupitie jioni."

Kaka alikiangalia kile kiganja chake. Nilimngoja. Wallahi nilimngoja, maana neno moja tu la kaka yangu lingetosha.

Nikachukua wembe. Niliuchukua ule ufito mkononi mwa nahodha, nikaupitisha wembe juu ya mguu wa pete ya kwanza, taratibu, chuma kikiukinga ufito usichubuke. Uzi ukafunguka, pete ikaanguka kwenye sinia. Nikaenda ya pili. Kila pete ililia juu ya sinia.

"We, una wazimu?" kaka akasema.

"Nna akili zangu. Nahodha, na zile fito za botini kazinyanyue juani. Kila mguu wa pete, pale uzi unapoishia, utaona utepe wa kioo. Hapo ndipo mimi nilipo. Zilete zote nizikate, ubaki na boti safi isiyoguswa na mwanamke."

"Fundi, ni kweli haya?" akamuuliza kaka.

Kaka akainamia sinia. Nikamfungia pete zake kwenye gazeti, nikamkabidhi na ufito wake mtupu. Akatoka bila kuaga.

"Umenivunjia riziki," kaka akaniambia. "Atalisema pwani nzima. Nani atakuja hapa?"

"Atakayetaka pete zilizofungwa zikafungika."

"Utakula ujeuri wako."

"Nshakula unyonge miaka yote hii, sikushiba."

Sitasema sikuogopa. Ile karakana ndiyo iliyotulisha sote wawili, na kaka alisema kweli: mdomo wa nahodha mmoja unafika Jambiani kabla ya jua kuzama. Lakini niliapa kuwa nyuma ya pazia sirudi. Kama ni kushona kofia, nitashona kofia, na kofia nitasema nimeshona mimi. Nililiondoa pazia kwenye misumari yake, nikalikunja, nikaliweka sandukuni. Kaka alinitazama toka nilipoanza mpaka nilipomaliza.

Baada ya sala ya alasiri tukasikia viatu vya mpira chochoroni. Vikasimama kwetu. Niliona ncha ya ule ufito mtupu ikichomoza mlangoni kabla sijamwona mwenyewe, kisha chini ya kwapa lake lile gazeti langu, na begani fito za botini. Sikujua amezileta zikatwe au vipi. Nahodha alisimama kizingitini, macho yake kwenye sakafu, si kwa kaka wala si kwangu.

"Fundi!" akaita.

Kaka akanyanyua kichwa. Nilimwona akivuta pumzi, mdomo umeshaanza kufunguka, kwa mazoea tu.

"Naam," nikaitika.

Nikachukua kibao changu cha kukalia, nikakiweka mlangoni penye mwanga, nikanyoosha mkono nipewe ufito. Hakuna aliyeniambia kuwa ninayeitwa ni mimi. Sikungoja kuambiwa.