Kigoda cha Bibi Agata Nyuma ya Kioo

Enzi zetu pale Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, kabla viti vya plastiki havijafika, kila mtu alijua mahali pake pa kukaa. Watoto tulikaa mchangani, kina mama kwenye mikeka, na Bibi Agata, mama mzaa mama, kwenye kigoda chake cha miguu mitatu ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Tuliogelea ziwani mpaka macho yakawa mekundu, tukacheza rede kwa mpira wa matambara, tukarudi kula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa juani, na muda wote Bibi yuko juu ya kigoda anatuhesabu kwa macho. Siku hizi mjukuu wangu Neema, mwenye miaka kumi na minne, ukimwambia akupishe kiti anakuuliza kiti gani, kwa kuwa macho yake yako kwenye simu.

Mguu mmoja wa kigoda ulipopasuka, Mjomba Osmundi, kitinda mimba wa Bibi, aliufunga kwa bati la debe la mafuta ya taa na misumari minne. Mmoja ukaingia umepinda. Bibi alimsema kwa ule msumari mwaka mzima, lakini hakuruhusu ung'olewe.

Mwaka huu binti yangu, mama yake Neema, alinialika nikakae nao Ujerumani mwezi mmoja. Huo mtaa wao nilidhani ni wa maaskofu watupu. Majumba ya mawe meupe, miti imepangwa kama wanafunzi mstarini, na makumbusho kila ukigeuka: haya ya michoro, haya ya saa za zamani, haya ya viatu. Watu wazima wamepanga foleni kuangalia viatu vya marehemu, nami nikapanga nao.

Siku ya tatu Neema alinipeleka kwenye makumbusho ya vitu vya Afrika. Nilianza kwa kucheka, maana vinu, vibuyu na nyungo vilikuwa vimemulikwa taa kama bibi harusi. Halafu nikasimama. Mbele yangu, nyuma ya kioo, kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, chenye bati mguuni, na msumari mmoja umepinda. Nikamshika Neema bega. Nikamwambia anisomee maandishi, akasoma polepole akinitafsiria Kijerumani, "Kigoda cha kichifu, Ziwa Nyasa. Chuma mguuni ni alama ya ukoo wa watawala. Zawadi."

Bati la debe la mafuta ya taa limekuwa alama ya utawala. Ningecheka mpaka nikae chini, isipokuwa lile neno la mwisho lilinizuia. Aliyetoa hiyo zawadi nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka minane. Bibi yuko shambani kwenye muhogo, akaja mgeni mzungu na dereva wake. Nilimletea kigoda kwa sababu mgeni hakalishwi chini na kiti kingine hatukuwa nacho. Alikigeuzageuza, akakipiga picha, akanipa kopo zima la biskuti. Dereva akasema, "Mtoto, mgeni amekipenda. Akichukue?" Kinywa kilikuwa kimejaa, nikaitikia kwa kichwa. Biskuti nilizimalizia nyuma ya mawe, kopo nikalitupa ziwani.

Jioni Bibi alipouliza, nilisema sijui. Macho yote yakamgeukia Mjomba, kwa kuwa alipenda pombe. Bibi akamwambia mbele ya majirani, "Osmundi, umekinywa kigoda changu." Alikana, hakuna aliyemsikiliza, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Wiki hiyo alipanda Mbuji, juu milimani, kulima mashamba ya watu, na hakushuka tena ziwani mpaka siku ya kumzika mama yake. Zaidi ya miaka hamsini nimekuwa nikimwamkia huku nimeinamisha uso.

Neema alidhani presha imepanda. Nilimwambia anipigie simu Mbuji, hapo hapo, aone haya akipenda.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo huko Ulaya?"

Nilimweleza yote, kuanzia dereva mpaka kopo. Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Ule msumari bado umepinda?" akauliza.

"Umepinda, Mjomba."

"Na biskuti ulikula peke yako."

"Peke yangu."

Akasema, "Mwambie huyo mtoto apige picha, na msumari uonekane vizuri. Uniletee niteremke nayo Chiwanda, niiweke pale alipolala mama. Aone kwamba sikukinywa."

Neema alipiga picha kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza niliishukuru ile simu yake. Mimi nililia mbele za watu bila haya. Enzi zetu kigoda kile kilikuwa cha mtu mmoja, na kijiji kizima kilimjua. Sasa watu wanapita mbele yake mchana kutwa na hakuna anayelijua jina la aliyekikalia, wala la aliyekipigilia misumari. Mlinzi alikuja akaniomba kwa adabu nisiegemee kioo. Nikasogea.