Feni Iliyosimama

Mimi nashona viti vya magari, na cherehani yangu iko mlangoni mwa gereji, mahali ambapo haingii mtu wala hatoki bila kunipita. Wananiita Sindano, na si kwa sababu ya kushona peke yake. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniuliza haya nimeyatoa wapi. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki niliyasikia kutoka kwa aliyeyafanya, tena akiyasimulia kwa kicheko.

Fundi wetu wa AC na feni tulimwita Daktari. Hakusoma udaktari wa chochote. Alikuwa na kipande cha mpira, ule wa kupitishia maji kwenye injini. Ncha moja anaigusisha kwenye gari, nyingine anaitia sikioni, kisha anafumba macho. Gari linanguruma, watu wamemzunguka, na yeye katulia kama anasali. Akifumbua macho, jibu analo: klachi ya kompresa haishiki, au mota ya feni imechoka, au feni ni nzima ila waya umeoza. Kuinama na tochi kuangalia feni kama inazunguka aliona ni kazi ya mafundi wasiojiamini. Alikuwa na maringo, tusidanganyane. Akipatia, basi atapiga mluzi mpaka tunafunga.

Bosi, mwenye gereji, alikuwa anajenga chumba cha AC upande wa nyuma, chenye mlango wa kufungwa na mashine mpya ya kujazia gesi. Atakayekabidhiwa ufunguo ndiye mkuu wa kazi zote za baridi hapo. Sote tulijua ni Daktari. Mwenyewe alikuwa anakwenda kukifagia hata kabla hakijapigwa plasta. Na kama si chumba kile, kwa umri wake kilichobaki ni karo la kuoshea rejeta, kule nyuma kwenye matope, kazi anayopewa mtu aliyeshindikana kwingine kote.

Sasa masikio yakaanza kumfia. Mimi niliona mapema, kwa sababu alianza kunitazama mdomo kila nikiongea. Mwanzoni nilidhani mzee kapatwa na mambo ya ujana, nikamkata jicho. Kumbe anasoma maneno. Mpira wake alikuwa bado anautia sikioni, lakini mkono wa pili sasa ulikuwa juu ya fremu ya rejeta, unapapasa mtetemo. Sikio limebaki la maonyesho, kazi inafanywa na kiganja. Na alikuwa anapatia bado, mara nyingi tu. Nikanyamaza, maana hapakuwa na aliyeumia.

Pale gereji alikuwepo pia mdogo wa mke wa Daktari, mwanamume mzima mwenye ndevu zake. Daktari alimwita shemeji, na sisi tukamwita Shemeji vilevile. Ufundi wote alifundishwa na Daktari. Alikuwa anakaa kwake, anakula kwake, na nguo zake zinafuliwa pamoja na za Daktari. Huyu ndiye aliyekitaka chumba.

Siku ya kukabidhi ufunguo Bosi alifika amelowa jasho. Akalalamika kwamba gari likitembea AC inapoza, likisimama kwenye foleni inatoa hewa ya moto. Fundi yeyote wa AC akisikia hivyo anawaza feni. Asichokijua Bosi ni kwamba jana yake Shemeji alijitolea kumwoshea gari, na katika kuosha huko akachomoa waya. Gari lile lina feni mbili, moja ya rejeta na moja ya AC. Alichomoa ya AC, ya rejeta akaiacha izunguke. Mwenye masikio angesikia mngurumo mmoja badala ya miwili. Mwenye tochi angeona. Lakini kiganja kitapata mtetemo tu, na mtetemo hausemi ni feni ngapi.

Boneti ikafunguliwa, injini ikawashwa, AC ikawashwa. Daktari akatoa mpira wake na kufumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake, kwa kuwa Bosi alikuwa anatazama. Alipofumbua alitabasamu.

“Feni zote mbili ziko sawa, Bosi. Ni gesi tu imepungua.”

Shemeji hakubisha. Alimshika Bosi mkono kwa adabu, akamwinamisha juu ya injini, akamulika. Feni ya AC imesimama, vumbi juu yake. Bosi akasema labda mzee kakosea, binadamu hukosea. Shemeji akasema hapana, hili si kosa, na akaomba watu wasogee kidogo.

Akaenda nyuma ya Daktari, ambaye alikuwa anafuta mikono. Akasema kwa sauti ya kawaida, “Shemeji, suruali yako imeshika moto.” Daktari akaendelea kufuta mikono. Akasema tena kwa sauti kubwa, “Shemeji, mkeo amekufa.” Daktari akakunja kitambaa chake vizuri. Hapo Shemeji akaokota spana kubwa ya magurudumu na kuibwaga kwenye bati. Sote tuliruka. Mimi sindano ilinichoma kidole. Daktari peke yake hakushtuka.

Watu wakaangua kicheko. Mafundi wa rangi, wa matairi, wote, wengine wanashikana mabega. Na Daktari, alipoona watu wanacheka, akadhani kuna utani umempita, akacheka na yeye. Alicheka kwa nguvu, akimtazama mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia Bosi ambaye hakuwa anacheka. Kicheko kikamfia mdomoni. Mungu anisamehe, bora ningekuwa kipofu siku ile.

Akageuka, akaiona spana kwenye bati. Alielewa mara moja, mpumbavu hakuwa. Akamuuliza Shemeji nani kamwambia.

Shemeji akamsogelea uso kwa uso ili mdomo wake uonekane, akatamka taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

“Dada. Alibwaga sufuria nyuma yako, hukugeuka. Haya yote tumeyapanga mezani, na wewe ulikuwa hapohapo unakula.”

Bosi alimpa Shemeji ufunguo palepale. Simlaumu sana, magari ya watu si ya kuchezea. Ila angeweza kungoja mzee aondoke kwanza, na hakungoja. Kesho yake Daktari akapelekwa kwenye karo na brashi ya waya. Nilidhani hatakuja. Alikuja, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, na jioni anarudi kwenye nyumba ileile na kula kwenye meza ileile.

Juzi mke wa Daktari alikuja gereji. Amemletea chakula mdogo wake, mkuu wa chumba cha AC, chombo kimefunikwa kwa kitambaa safi. Mimi nilikuwa kule nyuma nasuuza vitambaa vyangu vya viti. Daktari alikuwa amechuchumaa kwenye karo, ametupa mgongo, anasugua rejeta. Mwanamke akasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa bega, akamwambia mdogo wake, aliyetoka chumbani kumpokea, bila hata kushusha sauti:

“Usimpe kazi nyingine yoyote. Mwache kwenye tope mpaka achoke mwenyewe, aondoke na nyumbani kwangu.”

Shemeji akaguna na kuchukua chakula chake. Mwanamke akaondoka. Labda kivuli chake kilipita juu ya maji, kwa sababu Daktari aligeuka na kumwona anaishia kwenye kona. Akanitazama mimi, mdomoni, kama alivyozoea. Akaniuliza mkewe kasema nini.

Nilitamka vizuri ili anielewe. “Amesema pole na kazi.”

Akaendelea kunitazama mdomo, kana kwamba kuna neno jingine litafuata.

“Huyo hajawahi kuniambia pole,” akasema, “hata nilipokuwa nasikia.”

Akageukia karo, akaendelea kusugua.