Nimemvizia mama mkwe kwa sababu ya okidi

Jamani, leo nimejificha nyuma ya mlango wangu mwenyewe kumchungulia mama mkwe.

Kuna okidi, ua la chungu, aliyoniachia marehemu mama yangu. Tangu mama mkwe aje kutoka Matombo, kule milimani, kila nikirudi kazini nakuta imehamishwa na majani yamelowa.

Na siku ya kwanza tu alisema, "Nyumba ni ya watu, siyo ya majani."

Nikajua anaiozesha makusudi.

Basi leo nikaaga naenda sokoni, kumbe nikarudi kimyakimya.

Nikamkuta amepanga kokoto kwenye sinia, anamimina maji, kisha akaweka chungu cha ua juu ya zile kokoto. Pembeni kaanika khanga mbichi kwenye kiti.

"Mama, unafanya nini?"

Wala hakushtuka.

"Ua la milimani hili, limezoea ukungu. Feni yako inalikausha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Nikazima feni.

Alipoingia jikoni nikainama kukagua mizizi, maana bado sikumwamini. Mizima kabisa, na jani jipya linachipua.

Sauti ikatoka jikoni: "Umeridhika sasa?"

Hivi nyie hapo mngejibu nini?