Nusu ya Ubao

Jina la Fundi Madirisha alipewa na mama yake, bila mama mwenyewe kukusudia. Majirani walipouliza binti anafanya kazi gani siku hizi, mama alijibu kwa kujiamini, "Anatengeneza madirisha." Alikuwa amemsikia kwenye simu akilalamika kwamba dirisha limegoma kufunguka. Haikupita wiki jirani mmoja akabisha hodi na vipimo vya jikoni kwake, anataka kujua kama vioo vipo. Ikabidi aelezwe taratibu kwamba haya ni madirisha ya ndani ya kompyuta, hayaingizi upepo wala mbu. Jirani alicheka, jina likabaki.

Alifanya kazi katika kituo cha kuwafundisha kuongea upya watu waliopatwa na kiharusi. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya mapokezi, na feni iliyolia kama panya. Programu aliyoitengeneza ilionyesha picha: kikombe, kitanda, choo, mtu aliyeshika kichwa. Mgonjwa aligusa picha, kompyuta ikasema kwa niaba yake.

Kisha kiharusi kikampata kaka yake mwenyewe, mchora mabango ya maduka, mtu wa domo na vichekesho. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakamkauka. Hospitalini mkewe alishinda kwenye kiti kando ya kitanda, lakini mgonjwa aliangalia ukutani, upande wa pili. Kabla ya ugonjwa walikuwa wamenuniana kwa jambo dogo, na mke akaona jibu ndilo hilo.

"Wifi, kaka yako hataki hata kuniona," alimwambia Fundi Madirisha. "Mtu akigeuziwa kisogo kila siku, anaelewa."

Akaacha kwenda. Mgonjwa aliporuhusiwa kutoka, akapelekwa kwa dada yake, ambaye alianza kwenda naye kituoni.

Pale kituoni picha za vikombe alizikataa, akasukuma kompyuta kama sahani ya chakula kilichoungua. Mwalimu wa matamshi, mzee mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alisema, "Mchoraji huyu. Unampa michoro ya wengine achague? Mwache achore mwenyewe, mkono wa kushoto upo."

Fundi Madirisha akakaa chini kutengeneza ubao wa kuchorea ndani ya dirisha la programu. Aliandika kalamu itakavyokuwa, unene wake na rangi zake. Alipowasha, dirisha likafunguka tupu, la kijivu. Akasoma alichoandika tangu mwanzo, akakuta ubao ameuunda lakini hajaliambia dirisha liupokee. Akauweka. Kijivu vilevile. Safari hii ubao ulikuwemo, ila hakuupa upana wala kimo, kwa hiyo ulikaa mle ndani usionekane. Akaupa vyote viwili, akawasha tena, na weupe ukajaa dirisha zima, ukingo hadi ukingo.

"Eh, kumbe ulikuwa hapo hapo," aliuambia.

Kaka yake aliwekewa kioo cha kompyuta mbele yake. Akakigusa kwa kidole cha kushoto, mstari ukafuata kidole, akaguna. Alichora kwa muda mrefu: nyumba, ngazi za mlangoni, mwanamke ameketi. Lakini vyote vilibanana upande wa kushoto. Paa lilikatika katikati. Mwanamke alikuwa na jicho moja na bega moja.

"Nimeharibu," alisema Fundi Madirisha. "Nusu ya ubao haishiki kalamu."

Akapitisha kidole chake upande wa kulia. Mstari ukatokea, mnene na mzuri. Kaka yake hakuutazama kabisa.

Mwalimu aliinama akautazama mchoro. Kisha akachukua kalamu mfukoni, akasimama nyuma ya mgonjwa. "Ukiiona kalamu, itikia kwa kichwa." Akaileta polepole kutoka kulia. Ikapita sikio, ikapita shavu. Kichwa hakikutikisika mpaka ilipofika mbele ya pua.

"Upande huu kwake haupo," mwalimu alisema. "Hospitalini walishughulika na mkono na mdomo. Wageni walikuwa wanakaa wapi?"

Fundi Madirisha alifikiri. "Kulia," alisema, akatoka nje na simu.

"Wifi, njoo."

"Nije kutazamiwa ukuta?"

"Njoo ukae kushoto kwake. Nitakueleza ukifika."

Wifi alikuja kesho yake, amekaza uso, mkoba mapajani. Akakaa alipoonyeshwa. Mgonjwa alimwona. Mdomo ulihangaika, neno halikutoka, ila mkono wa kushoto ukaukamata mkanda wa mkoba na haukuuachia.

Wifi alimwangalia muda. "Nani anakunyoa wewe?" aliuliza. "Ndevu zimekaa kama nyasi zilizoliwa na mbuzi." Halafu akajifuta macho kwa kiganja.

Mwezi huo akamchukua nyumbani. Kitanda wakakigeuza ili mlango uwe kushoto. Maneno yalirudi machache, mojawapo tusi, ambalo mwalimu alilipokea kwa pongezi. Kuchora mabango hakurudia. Wakati mwingine mume na mke bado hununiana. Na kituoni, mgonjwa mpya akifika, Fundi Madirisha humfungulia kwanza ubao mtupu, akasimama pembeni kuangalia anaanzia wapi.