Tulipoizika Kamba ya Mgodi

Enzi zetu mtu akihama, alihama na kuku wake. Ndivyo tulivyotoka Urambo: baba, mama, sisi watoto wanne na majogoo wawili ndani ya tenga. Treni ilichelewa siku nzima, na ilipokuja, majogoo wakawika kila kituo mpaka abiria wakaomba wachinjwe. Tabora tulikaa siku mbili stesheni tukitafuna michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, kisha tukapanda lori la pamba hadi Nzega. Kutoka hapo tulitembea nusu siku kwa miguu, mama akiwa na godoro kichwani na baba akituahidi kwamba huko tuendako dhahabu inaokotwa kama karanga.

Tulikuta mashimo matatu, maduara kama yanavyoitwa na wachimbaji, na safu ya vibanda vya udongo. Hakuna aliyeokota kitu. Mtu alikaa juu ya kijiti kilichofungwa kwenye kamba ya katani, wenzake wawili wakazungusha winchi ya mkono, naye akateremka gizani kama ndoo. Baba akawa mshukaji wa duara namba mbili. Sisi watoto tuliyaona hayo ya kawaida. Tulikuwa na kombolela, magari ya mabua ya mtama, na viboko vya shule ambavyo leo mzazi angevipeleka polisi.

Mwenye mgodi alikuwa Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa pwani, mfupi, mwenye kofia ya kufuma asiyoivua hata akioga, walivyosema. Wafanyakazi karibu wote walikuwa Wanyamwezi. Wa rika langu wanajua maana yake: watani, tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kukunyang'anya kiatu, akakutukania ukoo, na msibani akalala ndani ya kaburi lako mpaka apoozwe kwa kitu, nawe huruhusiwi kununa.

"Nyie wapagazi," Mzee Mwinshehe alikuwa akiwaambia kila asubuhi, "babu zenu walibeba pembe miezi mitatu. Ninyi kushuka mkiwa mmekaa mnalia?"

"Na walipofika pwani," baba alimjibu, "waliwakuta babu zenu wamelala, wakadhani kijiji kizima kina malale."

Basi wote wanacheka na kazi inaanza.

Tatizo lilikuwa kamba. Ilikuwa imelika mpaka nyuzi zake zinasimama kama ndevu za mbuzi. Kila walipoomba mpya, Mzee Mwinshehe aliongeza fundo. Alisema fundo ndiyo nguvu ya kamba. Ilipofika mafundo saba, siku moja uzi mkubwa ulikatika baba akiwa katikati ya shimo. Walimvuta polepole wakiwa hawapumui. Alitoka na kiatu kimoja, akakaa chini, akamwomba mama maji.

Wakagoma. Mzee Mwinshehe akatangaza kwamba ambaye hatashuka Jumatatu, afungashe na familia yake. Mama akaanza kukunja mablanketi. Kilimo cha tumbaku Urambo tulishakiacha, shamba tulishaligawa, na baba alikuwa na njia mbili tu: kuning'inia kwenye ile kamba au kututembeza tena barabarani.

Jumapili, baada ya ibada, aliwaita wenzake. "Kugoma ni kosa," akasema. "Msiba si kosa." Nani asiyejua kwamba kwetu penye msiba jembe halishikwi?

Jumatatu asubuhi wakaivua kamba kwenye winchi, wakaivisha shuka jeupe la mama, wakachimba kaburi mbele ya mlango wa ofisi. Wanawake wakaangua kilio. Wengine walikuwa wanaigiza, lakini mama alilia kweli. Mwalimu wetu alifunga shule akaleta kuni za msibani. Mwinjilisti alikuja pia, akala ugali na mlenda vizuri tu, ila alipoombwa kusali akakataa. Alisema kamba haikubatizwa.

Mzee Mwinshehe akatoka. Tukajua sasa ataita mgambo. Akaliangalia kaburi, akavua viatu, akashuka, akalala chali na kofia usoni.

"Haizikwi hii," sauti ikatoka chini. "Mpaka mrudi kazini."

Ilikuwa haki yake kama mtani, na hakuna aliyeweza kumtoa. Tukabaki na maiti isiyozikika na mgodi usio na mwenyewe. Alipelekewa chakula humo humo, akalalamika mlenda hauna chumvi. Jua lilipozama, saa ambayo kwetu hakuna anayezika, alikwenda kulala, na alfajiri alirudi kaburini kabla ya wafiwa.

Siku ya pili akaja afisa kazi kutoka mjini kwa pikipiki, kijana wa kabila la mbali asiyejua mambo yetu.

"Mwajiri yuko wapi?" akamuuliza mama.

"Yuko kaburini, baba."

Kijana akavua kofia ya pikipiki. "Poleni sana. Amefariki lini?"

"Sijafariki," kaburi likajibu. "Niko kazini."

Yule afisa akakaa juu ya kifusi. Mwishowe akafungua faili, kwa kuwa serikali ilikuwa imemtuma, na baba akachuchumaa ukingoni.

"Mtani, toka."

"Sitoki."

"Tutakufukia."

"Fukieni. Halafu kamba mpya atawanunulia nani?"

Baba akamgeukia afisa taratibu. "Andika hapo, mheshimiwa. Amesema atanunua."

Mzee Mwinshehe aliinua kofia, akatutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka mpaka udongo ukamwangukia. Akapoozwa kwa kibuyu cha asali ya Ipole, akasaini akiwa bado ndani, na afisa akaandika mahali pa makubaliano: kaburini. Alipotoka, tukaizika kamba.

Wafanyakazi waliongeza sharti moja, kwamba kamba mpya ikifika, wa kwanza kushuka awe yeye. Alishuka akitutukana, sauti ikipungua kadiri alivyozama, mpaka ikakatika. Alipopandishwa hakuwa na utani. Alisema, "Kumbe ni mbali hivi." Wiki iliyofuata akaleta na magogo ya kuegemeza kuta za shimo.

Nimefanya kazi migodi mingi tangu hapo, maana miguu yangu haikai mahali. Leo vijana wakigoma wanafungua kundi la simu, wanarushiana vikatuni vinavyolia, na jioni nusu yao wamejitoa. Mwajiri naye yuko nchi nyingine, anaandika barua isiyo na sura. Utamtania nani? Ukimwita mvivu anakupeleka mahakamani, na wewe ukiitwa mpagazi unasema umedhalilishwa. Sisemi zamani ilikuwa salama. Ile kamba ingemuua baba. Nasema tu kwamba aliyekuwa na uwezo wa kuibadilisha tuliweza kumchungulia usoni.

Niliondoka moja kwa moja nilipofaulu kwenda sekondari Tabora. Baba na Mzee Mwinshehe walinisindikiza hadi barabarani, wakagombana nani kati yao amenifundisha kusoma, ilhali hakuna hata mmoja. Lori likang'oka. Niliwaona wakiendelea kutukanana vumbini, na nyuma yao watu wawili walikuwa wanazungusha winchi, wakimpandisha mtu.