Shahidi wa Kuku wa Nyamvula

Nyamvula, muuza kuku wa kukaanga pale Mikindani, alimjua admin wa grupu la WhatsApp la mtaa kwa sauti kabla hajamwona uso. Kila tangazo, liwe la maji au la msiba, admin alilirekodi kwa sauti, akakohoa kwanza, kisha: "Jirani zangu, nimeshuhudia mwenyewe." Asiloliona hakulitangaza. Basi mtu alipoandika grupuni kuwa kuku wa Nyamvula ni wagonjwa, na wateja wakaanza kumpita mbali, Nyamvula alimkimbilia admin. Kuku walikuwa wameshachinjwa, na jua lapanda.

"Kakangu, ufute ule ujumbe."

"Nikiufuta watasema umenihonga. Nikaangie paja, nile wakiona."

Admin akasugua kioo cha simu yake kwenye shati, kama ilivyo ada yake, akasugua tena ingawa kilishang'aa, akampa Nyamvula arekodi. Paja alilitafuna kama mtu anayeogopa mwiba wa samaki, akameza macho kayafumba. Akakohoa. "Jirani zangu, nimeshuhudia mwenyewe."

Grupu halikumpa nafasi ya kupumua. "Admin, bado u hai?" Akajibu kila mmoja, kiganja tumboni. Mchana wateja wakarudi, alasiri sinia likawa tupu. Nyamvula alikuwa amemwekea paja la shukrani. Admin alilipokea kwa vidole viwili, akashukuru mno, na kwenye kona akamtupia paka. Nyamvula alimwona, akaendelea kuosha karai.

Jioni admin alitangaza maji. Alikohoa, lakini yale maneno yake ya kushuhudia hakuyasema.