Mkia wa Nyumbu wa Manju Masanja

Nikisikia harufu ya nywele zinazoungua, hata kama ni kuku tu anababuliwa jikoni, namkumbuka baba. Msinicheke. Ngojeni niwaambie.

Baba alikuwa mchimba dhahabu kule Geita. Mchana alishuka shimoni, jioni akavuta kiko chake, na baada ya mavuno alikuwa manju, yaani mwimbishaji wa ngoma yetu. Kwetu ngoma mbili hucheza uwanja mmoja siku moja, na itakayovuta watu wengi ndiyo imeshinda. Kila manju ana dawa yake ya kuvuta watu. Ya Masanja, manju wa upande wa pili, ilikuwa ndani ya mkia wa nyumbu aliokuwa akiupunga. Hilo hata mtoto alilijua.

Mwaka ule baba alikuwa anakohoa tangu masika. Alikonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba. Siku ya ngoma akasimama, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya jembe linalokwaruza jiwe.

"Manju, umemeza mchanga wa shimoni?" akapiga kelele mama mmoja wa upande ule.

Watu wakaangua kicheko. Halafu wakaanza kuhama, mmoja mmoja, kwenda kwa Masanja. Bibi, mama yake baba, akasema palepale, "Sauti ya mwanangu imefungwa kwenye mkia ule."

Basi mimi, msichana wa miaka tisa, ningengoja nini? Masanja alipouweka mkia chini anywe togwa, niliunyakua, nikakimbia nao mpaka nyumbani, nikausokomeza mafigani. Ukanuka kijiji kizima. Baba aliporudi nikakaa mlangoni kwake, nangoja sauti itoke. Kikatoka kikohozi.

Asubuhi yake, Masanja huyo, mlangoni. Nikajua nimekwisha. Shikamoo sikumpa. Nilisimama mbele yake na mchi mkononi.

"Kabula, mpishe mgeni," baba akanong'ona. "Nimemwita mimi."

Akaingia. Akaja na kesho yake, na keshokutwa, karibu mwezi mzima. Nikichungulia, baba ananong'ona mstari, anapumzika, Masanja anaurudia polepole. Damu ilinichemka. Nikamwambia mama, "Sauti ameshaiba, sasa anabeba na maneno!" Mama akanipa ungo wa maharage nichambue.

Tulimzika baba kabla mvua hazijaanza. Masanja aliimba nyimbo zote za baba, mikono mitupu. Mimi niliziba masikio.

Juzi juzi, mimi sasa mtu mzima, nilimpeleka bibi hospitali, macho yanamsumbua. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja, na sauti yake ni ile ile, jembe kwenye jiwe. Nilishtuka, nikamuuliza daktari. Akasema ni kansa ya mapafu. Uvimbe ukikua kifuani unaweza kubana mshipa unaoendesha sauti. Bibi naye alisikia.

Baba alishajua sauti hairudi. Akatafuta mtu wa kumwachia nyimbo, na mwenye koo la kuziweza alikuwa mmoja tu, yule aliyeshindana naye miaka yote. Huyo ndiye niliyemzuia mlangoni kwa mchi.

Masanja bado anaimba, na wimbo wa baba hauanzi kabla hajamtaja mwenyewe. Nikipita uwanjani huniita mbele za watu, "Kabula! Mkia wangu uko wapi?"

Nami siku hizi humjibu, "Shikamoo, baba."